Makosa Arobaini na Moja

Bwana Mbwana aliwaambia watu kwamba mimi, Salha, ndiye niliyepoteza majina ya kina mama mia sita wa zahanati moja ya Miyuji. Alisema hivyo mchana kweupe, mlangoni pa karakana yake Kizota, Dodoma, mbele ya muuguzi na wajumbe wanne wa kamati, na ushahidi aliowaonyesha ulikuwa karatasi yenye jina langu. Majina yale sikuyapoteza mimi. Aliyeyapoteza ni yeye, na alijua. Huo ndio ubaya niliotendewa, na nimeutaja mwanzoni ili mtu asifike katikati akadhani nasimulia habari za kompyuta tu.

Lakini siwezi kuueleza bila kumweleza fundi Zaidi, maana karatasi ile ilitokana na kazi ya mikono yake, na kazi hiyo aliifanya kwa kunihurumia.

Zaidi Harithi alizaliwa Kolo, huko Kondoa, mtoto wa mkulima wa uwele aliyerina asali pia. Alikuwa mwembamba, mrefu, na shati lake lilikuwa na mfuko mmoja wenye bisibisi tatu na kijiti cha mswaki. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda kimoja cha serikali pale Kizota, akitengeneza mizani, mashine za kujumlishia, na mwishoni kompyuta mbili za ofisi ambazo hakuna mwingine aliyethubutu kuzifungua. Mimi nilikuwa nafagia humo humo. Natoka Bereko, sikusoma hata darasa moja, na mume wangu aliondoka kwenda Tabora akiniachia mtoto mmoja, Munira.

Kiwanda kilipouzwa, tuliitwa wote uwanjani. Karani alisimama juu ya sanduku akasoma majina ya waliopunguzwa. Kila aliyesomwa alisogea, akapewa barua, akaondoka nayo. Zaidi alisomwa. Mimi nilisubiri mpaka karani akakunja karatasi yake akashuka. Nikamfuata nikamwuliza, mbona sikusikia la kwangu. Akasema vibarua hawamo kwenye orodha, kwa hiyo hatukupunguzwa, tulitakiwa kwenda nyumbani tu.

Zaidi alikuwa amesimama karibu, barua mkononi. Alisikia.

Bwana Mbwana ni mtu wa mjini, wa zile familia za wafanyabiashara ambao babu zao walifika na misafara wakatua Dodoma. Baba yake aliuza chumvi na vitambaa. Biashara ilipofunguliwa, Mbwana alianza na nguo za mitumba, kisha akaona watu wa ofisi wanatafuta kompyuta na mpya hawaziwezi. Akaanza kuleta kompyuta zilizotumika kutoka Dubai, zikija zimepangwa kama matofali ndani ya kontena. Alikodi ghala la kiwanda kile kile kilichokufa, akamwajiri Zaidi azitengeneze. Zaidi akamwambia, "Vumbi la hapa linaua mashine. Nataka mtu wa kufagia anayejua kufagia." Akaniita mimi.

Kazi ngumu pale ilikuwa diski. Diski ni kisanduku cha bati kilichomo ndani ya kompyuta, na humo ndimo yanamokaa yote ambayo mtu ameandika. Kompyuta ikiwa chafu utaifuta, skrini ikifa utaibadilisha, lakini diski ikifa imekufa na maneno yako. Zilikuja nyingi, na kwa nje zote zilifanana. Zaidi alikuwa na programu ya kuzipima. Unaichomeka diski kwa waya wake, unaiwasha mashine, na programu inaiandikia diski ile kazi nyingi na kuisomesha tena, huku ikihesabu inakimbia kiasi gani na imekosea mara ngapi. Diski moja ilichukua zaidi ya nusu saa. Zaidi alikuwa na mikono miwili tu, na mashine za kutengeneza zilimsubiri.

"Bereko," aliniambia siku moja. Jina langu alilijua, lakini aliniita kwa kwetu. "Ukimaliza kufagia huwa unafanya nini?"

"Nakaa, fundi. Nakutazama unavyogombana na misumari."

"Basi njoo ugombane na wewe."

Akanionyesha kuchomeka waya, wenye mstari mwekundu uelekee upande wa umeme. Akanionyesha kitufe cha kubonyeza. Hayo hayakunishinda, mikono yangu imesuka mikeka tangu utotoni. Kilichonishinda ni majibu. Programu ilipoanza kupima, printa ilianza kupiga kelele, na karatasi ndefu yenye matundu pembeni ikawa inashuka, inashuka, mpaka ikafika sakafuni ikaanza kujikunja miguuni pangu. Maandishi yote ya Kiingereza. Diski moja, karatasi kama ya kuvisha kitanda.

"Fundi," nikasema, "mashine hii inasema sana. Ina nini?"

"Inasimulia kila hatua. Nimegusa hapa, nimesoma pale, sasa nageuka, sasa nimefika."

"Kama mama mkwe."

Alicheka mpaka akakohoa. Kifua chake hakikuwa kizuri hata wakati huo. Akasema, "Ngoja tuifundishe adabu."

Bwana Mbwana naye alikuwa ameshalalamika kuhusu karatasi. Kwa hiyo Zaidi akaketi na lile faili dogo ambalo programu hulisoma kwanza kabla ya kuanza kazi, ili ijue iseme nini, isemee wapi na iseme kwa kirefu kiasi gani. Aliniweka kwenye kiti pembeni yake akawa ananieleza kila anachogusa, kana kwamba nilikuwa fundi mwenzake. Inaweza kusema kwenye skrini au kwenye printa. Inaweza kuandika juu ya yale ya jana na kuyafuta, au kuyaongezea chini yake. Akachagua iongezee chini. "Ya jana yana faida," alisema. "Mtu anayefuta ya jana ana lake jambo." Kisha akaiambia iache hadithi, kila diski iandike mstari mmoja basi.

Halafu akafanya jambo ambalo sijaona mtu mwingine akilifanya. Yale maneno ya Kiingereza ambayo programu huyatoa yalikuwa yameandikwa ndani ya faili lile lile. Akayafuta moja moja akaandika ya Kiswahili.

"Unafanya nini, fundi?"

"Naandika ya kwetu ili uyasome."

"Mimi sijui kusoma hata ya kwetu."

"Ndiyo maana naandika machache."

Mstari wa kwanza ulipotoka ulikuwa hivi: DISKI 1 KASI 8 MAKOSA 0 MPIMAJI SALHA. Akanisomea huku akiweka bisibisi chini ya kila neno. Diski ni namba tuliyoipa kwa chaki. Kasi ni inavyokimbia, nzima hufika nane au tisa, iliyochoka huburuta tatu. Makosa ni mara ngapi imeshindwa kusoma ilichokiandika yenyewe, sifuri ndiyo tunayoitaka. Na mpimaji ni aliyepima.

"Na hili la mwisho?"

"Hilo ni wewe."

Nililitazama jina langu. Lilikuwa na vitone vidogo vidogo vya wino, kama limetobolewa kwa sindano. Sikuwahi kuliona. Nilikuwa nimekwisha vuka miaka arobaini, nimezaa, nimeolewa na kuachwa, nimefagia kiwanda kizima, na hakuna aliyewahi kuliandika mahali nikaliona.

Bwana Mbwana alipouona mstari ule aliuliza kwa nini lisiandikwe jina la fundi. Wateja wangependa kuona jina la fundi.

"Sikupima mimi," Zaidi akamjibu. "Amepima Mama Munira. Anayepima aandikwe."

Mbwana akaguna akaondoka. Zaidi akaukata mstari ule wa kwanza kwa mkasi, akanipa. Niliushonea ndani ya pindo la kanga.

Kusoma nilijifunza hivyo, mstari kwa mstari. Hesabu nilizijua za sokoni, zile hazikunipa tabu. Maneno ndiyo yaliyonihangaisha. Makosa na mpimaji yote yanaanza na M, na kila mara jicho langu liliruka kutoka hili kwenda lile, nikawa naona makosa ambapo pana mpimaji. Nilimwomba aliondoe moja. "Jina langu nalijua," nilimwambia, "halihitaji mtu wa kulitangulia." Akafikiri, akalifuta neno mpimaji. Akaondoa na vistari alivyokuwa ameviongeza baadaye kati ya maneno, kwa sababu nilikuwa navisoma kama herufi. Mstari ukabaki mwepesi kabisa. DISKI 30 KASI 9 MAKOSA 0 SALHA.

"Sasa tazama," alisema, akaweka bisibisi. "Hii SA ya mwisho wa makosa, na hii ya mwanzo wa Salha. Ni ile ile. Ukijua moja umejua mbili."

Nilifurahi kama mtoto. Nilirudi nyumbani Chang'ombe nikaandika SA kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, Munira akaniuliza nani kaandika ukutani, nikasema mimi. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na tumbo lake la kwanza lilikuwa limeanza kuonekana. Alisimama akiutazama ukuta ule muda mrefu, kisha akachukua kipande cha mkaa akaniandikia LHA mbele yake.

Kwa mwaka mzima tulifanya kazi hivyo. Mchana tulikula pamoja, mke wake Mwanahawa akituletea ugali wa uwele na mlenda katika bakuli lililofunikwa kitambaa. Mwanahawa alikuwa mnene, mwenye maneno, na hakuwa na wivu hata kidogo. "Mwenzangu," aliniambia, "wewe unakaa naye mchana, mimi nakaa na kikohozi chake. Tubadilishane." Zaidi alikula taratibu, akitafuta mifupa hata katika mlenda. Tulizungumza Kirangi, lugha ya kwetu Kondoa, tulipokuwa watatu, na Bwana Mbwana akiingia tulirudi kwenye Kiswahili, kwa heshima.

Diski nzima niliziweka rafu ya juu. Mbovu niliziwekea alama ya chaki, mkato wa msalaba, nikazitia ndani ya sanduku la mbao karibu na mlango. Mwaka ule hakuna mbovu hata moja iliyotoka kwenye sanduku lile ikauzwa. Zaidi alikuwa akipita kila jioni, anasoma mistari ya siku, anasema, "Haya, Bereko, leo umewakamata wangapi?" Kana kwamba mimi ni askari.

Kisha kifua kikamlaza. Ilikuwa wakati wa upepo ule mkavu wa mwezi wa saba, vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Alikwenda hospitali, akarudi nyumbani Chang'ombe, daktari akamkataza karakana mpaka atakapoambiwa. Nikabaki mimi na Bwana Mbwana.

Wiki hiyo hiyo Mbwana alisimama karibu na printa akapima karatasi iliyobaki kwa shubiri. "Mama Munira, kwa nini tunaandika hata diski nzima? Nzima si tunaziona kwenye rafu? Iandike mbovu peke yake. Unajua kuibadilisha?"

Nilijua. Zaidi alinionyesha, ni namba moja tu katika faili lile, moja ni zote na mbili ni zenye makosa tu. Nilijiona mtu mkubwa kuulizwa na tajiri. Nikaenda mwenyewe, nikaifuta moja nikaandika mbili. Kwa kidole changu hiki.

Tangu siku ile kila mstari wa karatasi ukawa unaishia hivi: MAKOSA 7 SALHA. MAKOSA 12 SALHA. MAKOSA 3 SALHA. Sifuri zangu zote, na zilikuwa nyingi, hazikuandikwa tena popote. Mimi sikuona tatizo. Kwangu ilikuwa bado ni karatasi ya niliowakamata.

Diski namba mia mbili na kumi na mbili ilifika siku hizo. Ilitoa mlio wa kukwaruza, kama mtu anayesaga mahindi kwa mawe, na mstari wake ulitoka hivi: DISKI 212 KASI 3 MAKOSA 41 SALHA. Sikuwahi kuona arobaini na moja. Niliichora msalaba mkubwa nikaitia sandukuni.

Zahanati ya Miyuji ilikuwa imeagiza kompyuta mbili, ya kwanza ya vitabu vya dawa, ya pili ya majina ya kina mama wanaohudhuria kliniki na uzito wa watoto wao. Rafu ya juu ilikuwa imebaki na diski moja nzima. Asubuhi ya kuzipeleka nilimkuta Bwana Mbwana ameinama kwenye sanduku la mbao. Alikuwa anaifuta chaki kwa kitambaa chenye mate.

"Bwana Mbwana, shikamoo. Hiyo ni mbovu."

"Marahaba. Nimeipima tena mwenyewe jana."

"Jana hakukuwa na umeme."

Alinitazama. Akaitia diski ndani ya kompyuta, akafunga misumari. "Mama Munira," akasema polepole, bila hasira, "wewe ni mfagizi."

Nikachukua ufagio. Hapo nilinyamaza, na kunyamaza kule nakubeba mpaka leo. Zaidi asingenyamaza. Ningeweza kupita kwake jioni ile kumwambia, tulikaa Chang'ombe wote. Nilisema moyoni, ana homa, nisimpe presha.

Diski ile iliishi wiki sita. Ilipokufa iliondoka na majina mia sita ya kina mama, tarehe zao za kujifungua, chanjo na uzito wa kila mtoto tangu zahanati ilipofunguliwa, maana daftari la zamani lilikuwa limeliwa na mchwa na yote yaliyosalimika yalikuwa yamehamishiwa kwenye kompyuta. Muuguzi mkuu, sista Generosa, alikuja Kizota na kamati yake. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mtulivu, mwenye viatu vyeupe vilivyopakwa chaki. Hakugombana. Alisema, "Bwana Mbwana, tunataka kujua tu. Mliipima au hamkuipima?"

"Tunapima zote," Mbwana akasema, "na kila kitu kinaandikwa." Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya printa, akakunja palipokuwa na namba ya diski yao. "Sipendi kumsema mtu. Someni wenyewe."

Sista Generosa akasoma kwa sauti, kama anavyosoma mtu yeyote anayejua Kiswahili. "Diski mia mbili na kumi na mbili. Kasi tatu. Makosa arobaini na moja, Salha." Akainua macho. "Salha ni nani?"

Mbwana akanionyesha kwa kidevu. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji.

Mjumbe mmoja, mzee mwenye kofia, akaichukua karatasi akaisoma juu na chini. "Kumbe ni mazoea. Hapa juu makosa saba, Salha. Makosa kumi na mawili, Salha. Hakuna hata siku moja aliyofanya vizuri?"

"Mnaona wenyewe," Mbwana akasema. "Ni kumsaidia tu, ana mtoto. Lakini nimekosea kumpa mfagizi kazi ya fundi. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Nilitaka kusema. Nilisema, "Hayo makosa si yangu, ni ya diski." Yule mzee akacheka, si kwa ubaya. "Mama, diski itakosea vipi? Diski ina akili?"

Ndivyo lilivyokuwa. Neno ni moja. Mtu hukosa, na mashine hukosa, lakini kwa watu wa kwetu anayefanya kosa ni mtu, na jina likifuata neno kosa, basi kosa ni lake. Hawakuwa wajinga wala waongo, walisoma kilichoandikwa. Palikuwa na mtu mmoja tu mlangoni pale aliyejua namna ya kuusoma mstari ule, ukiniondoa mimi, naye alikuwa anakunja karatasi vizuri airudishe ndani.

Habari ilifika Chang'ombe kabla yangu. Kina mama mia sita ni wengi, na kila mmoja aliambiwa arudi na kadi yake kuandikishwa upya, na waliokuwa wamepoteza kadi watoto wao walianza chanjo upya. Waliuliza kwa nini, wakaambiwa. Munira alipokwenda kumpima mwanawe, mmoja kwenye foleni akasema, "Mpisheni mjukuu wa Arobaini na Moja." Mwingine akasema, "Mtazameni asiguse mzani." Walicheka. Munira hakuniambia, niliambiwa na jirani. Kwenye bomba la maji wakaacha kuniita Mama Munira. Nikawa Arobaini na Moja. Mpaka watoto.

Nilikwenda kwa Zaidi siku ya tatu. Alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, kanga ya mkewe mabegani, na radio imefunguliwa mbele yake, mashine yote nje. Nilimsalimia, akaitikia, akasema, "Bereko, mbona umevaa sura ya msiba?"

"Fundi, kwa nini uliniandikia kosa?"

Hakuelewa. Nikamweleza yote, tangu chaki na mate mpaka kwenye foleni ya kliniki. Mwanahawa alitoka jikoni akasimama na mwiko. Zaidi aliweka bisibisi chini.

"Neno lake si kosa," alisema. "Neno lake ni hitilafu. Mashine ina hitilafu. Mtu hana hitilafu, mtu ana kosa. Nililijua."

"Sasa?"

"Niliandika hitilafu kwanza. Ulikuwa umekaa pembeni yangu siku ile, hukuweza kulisoma. Nikalitazama. Lina herufi nane." Alifuta uso kwa kanga. "Nikasema, huyu ndiyo kwanza anaanza. T, F, U, atazifikia lini. Nikalifuta nikaandika makosa. Nilikuonea huruma, Salha."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nilikuwa nimekuja na hasira ya siku tatu na sikuwa na mahali pa kuiweka. Nikasema, "Na mimi ndiye niliyekuomba uondoe mpimaji."

"Ndiyo, na wewe."

"Na mbili niliibonyeza mimi."

"Tulikuwa hodari sana," Zaidi akasema, na Mwanahawa akaanza kulia, akarudi jikoni.

Aliomba karatasi. Aliandika kutwa nzima, akipumzika kila mistari miwili. Aliwaandikia zahanati namna ya kuusoma mstari, neno kwa neno, kwamba makosa ni ya diski, kwamba jina ni la aliyeyagundua, kwamba diski ile iliwekwa alama na kukataliwa, na kwamba karatasi za siku hizo hazina diski nzima kwa sababu tajiri aliagiza zisiandikwe. Barua hiyo nilimpelekea sista Generosa mimi mwenyewe. Aliisoma mara mbili amesimama. Kisha akanivutia kiti.

"Mama Munira, nisamehe," alisema. "Nilisoma kwa sauti na sikuuliza."

"Ulisoma kilichokuwepo, sista."

"Nitawaambia hapa kliniki. Lakini mimi nikisema, watasema nakuonea huruma. Aliyesema mwanzo ndiye anayetakiwa kulirudisha neno lake."

Aliwaambia, kweli. Siku ya Jumatano, kabla ya kupima watoto. Baadhi walisikia, baadhi walikuwa wanabembeleza watoto wanaolia. Barua aliipeleka kwa Bwana Mbwana yeye mwenyewe, na Mbwana akaipokea, akaisoma, akasema fundi ni mgonjwa na homa humfanya mtu aandike mengi. Mwaka uliofuata sista Generosa alihamishiwa Mpwapwa.

Zaidi hakurudi karakana tena. Bwana Mbwana hakumwita, na hata angemwita asingekwenda. Nilikuwa naenda uani kwake mchana, nikiuza karanga za kuchemsha njiani. Alinifundisha kilichobaki. Mwanahawa alikuwa ameokota kwenye taka za Kizota bunda la ile karatasi ya matundu, nyuma yake ni nyeupe, nikawa naandikia hapo. Neno la kwanza alilonipa lilikuwa hitilafu, tukaanza na H ya jina langu tukaenda mpaka U, neno moja siku tisa. Nilipolimaliza kwa mara ya kwanza bila kutazama, alilichukua, akaliweka mbali na macho yake kama mtu anayetazama picha.

"Unaona?" alisema. "Ungeliweza. Sikukuamini vya kutosha."

"Uliniamini peke yako, fundi."

"Kidogo kuliko nilivyotakiwa."

Alifariki mwezi wa Ramadhani, alasiri, amelala upande. Tulimsindikiza Kolo, kwenye udongo wake mwekundu. Mwanahawa alinipa bisibisi moja katika zile tatu. Alisema mbili ni za wanawe.

Nimekwisha samehe neno kosa. Kila nikilisoma mahali naona mtu aliyehesabu herufi kwa ajili yangu. Sista Generosa alifanya sehemu yake. Kina mama wa foleni walifanya wanavyofanya watu wakiambiwa. Na mimi nilinyamaza na ufagio mkononi asubuhi ile, hilo ni langu na sitalitua kwa mwingine.

Lakini Bwana Mbwana yupo. Karakana ameipaka rangi, ina kioo mbele. Tukikutana barabara ya Kizota hunisalimia, "Hujambo, mama," na kutazama saa yake. Karatasi ile anayo, nilimwona akiirudisha ndani, na yeye si mtu wa kutupa karatasi. Sitaki kingine kwake. Ninachodai ni kwamba siku moja ya Jumatano aende Miyuji, asimame mbele ya foleni ya kina mama, aifungue palipokunjwa, na ausome mstari wa diski mia mbili na kumi na mbili upya, kwa sauti ile ile: hitilafu arobaini na moja, aliyeziona ni Salha.